Mbao Mbili, Skrubu Nne

Lishike mkononi gitaa la Telecaster la mwaka 1953, na kitakachokushangaza kwanza ni unyonge wake. Ubao bapa wa rangi ya asali, haukuchongwa mgongo wala tumbo, hauna uwazi wa kutolea sauti. Shingo imefungwa kwenye ubao huo kwa skrubu nne, kama mlango wa kabati. Sumaku mbili zilizozungushiwa waya mwembamba zinanasa mtetemo wa nyuzi, moja karibu na shingo, nyingine imelazwa mshazari pale nyuzi zinapoishia. Nobu mbili: voliumu na toni. Swichi moja ya kuchagua sumaku. Hakuna kingine. Leo Fender aliyelibuni alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Alitaka chombo cha kazi, ambacho shingo ikipinda unafungua skrubu, unafunga nyingine, unarudi jukwaani kabla watu hawajatawanyika. Lilipoingia sokoni mwaka 1950 liliitwa Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba jina hilo linafanana na la ngoma zake, na mwaka uliofuata likapewa jina lililodumu. Waliozoea magitaa ya kuchongwa kwa mkono walilibeza. Waliona ubao, wakasema ni ubao.

Ubao huo, wa mwaka huo huo wa 1953, ndio uliowatambulisha wanaume wawili wa eneo hili la Washington: Roy Buchanan na Danny Gatton. Katika duka moja la santuri kuukuu hapa Falls Church, Virginia, ninakoishi, santuri zao hukaa kwenye sanduku la wanamuziki wa nyumbani, na kila ninapopekua nakuta mtu aliyenitangulia ameziacha ubavu kwa ubavu, kana kwamba haiwezekani kumshika mmoja bila mkono kumgusa wa pili. Falls Church ni mji mdogo, watu 14,000 na ushei, umebanwa kati ya Arlington na kaunti ya Fairfax. Buchanan alifia Fairfax na amezikwa Arlington, katika makaburi ya Columbia Gardens. Nyumba yake ya mwisho ilikuwa Reston, na treni ya Silver Line iendayo Reston inapita ukingoni mwa mji wetu. Gatton alizaliwa ng'ambo ya mto Potomac, Washington kwenyewe, tarehe 4 Septemba 1945. Nikitoka nje ya nyumba na kwenda upande wowote, naelekea mahali ambapo mmoja wao alipiga, alilala, au amelala.

Katika vijiwe vya wapiga gitaa hukumu imeshatolewa siku nyingi. Buchanan ni hisia, Gatton ni ufundi. Buchanan anakuliza, Gatton anakuachia mdomo wazi. Mmoja moyo, mwingine mikono. Hukumu hii hutamkwa kwa wepesi wa kitu kilichokwisha kupimwa, na watu huipokea, huenda kwa sababu inampa kila msikilizaji upande wa kukaa. Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu, usiku, nyumba ikiwa imetulia, na kadiri ninavyowasikiliza ndivyo hukumu hiyo inavyonikereketa.

Roy Buchanan alizaliwa Ozark, Arkansas, mwezi Septemba 1939, akakulia Pixley, mji wa mashamba katika bonde la San Joaquin huko California. Gitaa alilofundishwa utotoni lilikuwa lile la kulaza mapajani, linalopigwa kwa kuteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mtoto aliyeanzia hapo hujifunza mapema kwamba kati ya noti na noti kuna njia, na njiani kuna mengi. Kufikia 1958 alikuwa anapiga solo katika rekodi za mwimbaji Dale Hawkins. Kisha akaoa, akatua pembezoni mwa Washington, akalea familia kubwa. Upo wakati alijifunza kazi ya kinyozi ili nyumba ile. Usiku alipiga Crossroads, baa ya Bladensburg, Maryland, na bendi yake ya Snakestretchers. Mwaka 1971 televisheni ya umma ilimwandalia kipindi, na kuanzia hapo akabandikwa sifa ya mpiga gitaa bora asiyejulikana duniani. Mwaka uliofuata ikatoka santuri yake ya Polydor yenye “The Messiah Will Come Again”, na mwaka 1975 Jeff Beck, Mwingereza ambaye hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu yeyote, akamtunukia hadharani kipande katika santuri yake ya Blow by Blow.

Msikilize jinsi anavyofanya. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kimeizunguka nobu ya voliumu, ambayo kwa mpango wa Fender iko karibu mno na nyuzi. Anaufyatua uzi voliumu ikiwa imefungwa, na ule mkwaruzo wa mwanzo, unaotuambia kwamba hapa pamepigwa kitu, unapita bila kusikika. Kisha kidole kinafungua. Noti inazaliwa bila pigo. Mpenzi wa taarab ya Unguja aliyelelewa na fidla za Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, ataitambua mara moja sauti hiyo inayoingia chumbani bila kubisha hodi. Halafu mkono unahamia nobu ya toni, unaifungua na kuifunga, na noti moja inapita midomo kadhaa, mara imefumbwa, mara imeachama. Halafu ngozi ya kidole gumba inaugusa uzi wakati ule ule kipande cha plastiki kinapoupiga, na badala ya noti inachomoka sauti iliyokuwa imejificha ndani yake, ya juu, nyembamba, iliyo jirani na ukelele. Wapo wanaoisikia mbinu hiyo mapema kabisa katika rekodi ya mwaka 1962 ya mpiga ngoma Bobby Gregg, “Potato Peeler”, Buchanan akiwa kwenye gitaa. Amplifaya yenyewe aliifungua hadi mwisho na kuigeuzia ukutani, chombo kiwe kinaungua kwa ndani na watu waliokaa mbele waweze kustahimili.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wanaomwita Buchanan mtu wa moyo mtupu wanadhani wanamsifu, kumbe wanamnyang'anya kazi yake. Moyo alikuwa nao kila aliyekaa kaunta pale Bladensburg. Mmoja alikuwa ameachwa, mwingine anadaiwa, wa tatu amerudi Vietnam na hasemi na mtu. Huzuni ilikuwa imejaa ukumbini kabla ya bendi kufungua kipindi. Kilichokosekana ni sauti ya kuibeba, na sauti hiyo haikushuka kutoka mbinguni: ilitafutwa kwa kidole kidogo, kwa nobu mbili, kwa ngozi ya kidole gumba, miaka na miaka ya kujua ni milimita ngapi hutenganisha noti na ukelele. Fundi redio wa Fullerton aliziweka nobu hizo mahali hapo ili mtu apunguze sauti bila usumbufu. Buchanan akazikuta hapo, akazifanya koo.

Danny Gatton alikuwa fundi kwa maana ya nyumbani kabisa. Baba yake alikuwa mpiga gitaa la rizimu aliyeacha jukwaa akashika kazi ya bati, na mwana naye alijifunza bati, akapenda magari ya zamani, akawa mtu wa kufungua kila kitu aone kilivyofungwa. Mama yake, Norma, ndiye aliyekuwa na lebo ya NRG iliyotoa santuri zake, ikiwemo Unfinished Business ya mwaka 1987. Kampuni kubwa ya Elektra ilipomchukua mwishowe, santuri aliyoitoa mwaka 1991 aliipa jina la anwani ya utotoni, 88 Elmira St. Mtu amengoja hadi miaka arobaini na mitano kuusogelea mlango wa dunia, na alipofunguliwa akaanza kwa kuwaelekeza watu nyumbani kwao.

Mkono wake wa kulia ulikuwa bendi nzima. Kipande cha plastiki kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole viwili vinavyofuata vikichomoa nyuzi nyingine kama alivyozoea kwenye banjo. Chini kinapita besi, katikati rizimu, juu solo, na vyote ni mtu mmoja aliyenenepa kidogo, mwenye sura ya fundi gereji anayesubiri spea. Katika wimbo mmoja alitoka rokabili akaingia jazi, akapitia kantri, akachungulia bluzi, akarudi, na mshono huuoni. Sumaku za kiwandani zilikuwa zinavuma. Joe Barden, fundi wa eneo hili hili, akamsukia nyingine zenye ncha mbili za chuma zisizovuma. Gatton alifunga kwenye gitaa kisanduku chenye vitufe vya kuendeshea mwangwi na spika ya kuzunguka, akakiita Magic Dingus Box. Alipotaka kuteleza juu ya nyuzi alichukua chupa ya bia, bado ina bia. Povu likimwagika kwenye shingo ya gitaa alifunika taulo, na chini ya taulo vidole viliendelea bila kukosea. Wenzake walimwita Mnyenyekezaji, kwa sababu aliyepanda jukwaani kushindana naye alishuka akiwa mtu mwingine.

Watu walicheka. Hilo ndilo ninalolisikia zaidi katika rekodi zake za jukwaani: kicheko cha watu wazima, kile kinachomtoka mtu kabla hajakiruhusu. Gatton alipiga muziki wa katuni ya The Simpsons kwa heshima ile ile aliyompa Charlie Christian, gwiji wa gitaa la jazi. Alidokoa kipande cha wimbo unaoujua, akakupa nusu, akakuacha unakitafuta, akakirudisha kutoka mlango wa nyuma. Na hapa ndipo ninapogombana na hukumu ya vijiwe. Tumezoea kuhesabu hisia kwa machozi. Noti ikivutwa polepole na mpigaji akafumba macho, twasema ana hisia. Noti zikija mia, zikigongana kwa furaha, zikifukuzana kama watoto waliotoka madrasa, twasema ana mikono. Furaha tumeifukuza katika jamii ya hisia, tukaipeleka kwenye karakana. Harusini mpiga ngoma hupongezwa kwa kupiga vizuri. Hakuna amwambiaye kwamba amepiga kwa uchungu wa furaha, ingawa ni yeye aliyemwinua bibi wa miaka themanini kutoka mkekani.

Kwa nini tunaiamini huzuni kuliko furaha? Nadhani ni kwa sababu huzuni hutujia bila kuitwa, na tunakichukulia kisichoitwa kuwa cha kweli. Furaha twaijua ilivyo na gharama. Twajua inavyoandaliwa, inavyokopewa fedha, inavyoweza kuigizwa mbele ya wageni. Basi tukimwona mtu anafurahi kwa ustadi mkubwa tunashuku ustadi, tunasahau furaha. Lakini fundi anayelala saa nane usiku kwa sababu sumaku inavuma, na mvumo ule unamziba asisikie noti fulani anayoipenda, huyo anasukumwa na nini kama si hisia? Mtu hajengi kisanduku cha mwangwi kwa baridi ya moyo. Gatton alilipenda gitaa kwa namna ya mtu ambaye hawezi kumwona mpenzi wake amekaa bila kumtengenezea kola.

Ubishi huu si mgeni kwetu. Wazee wetu wa dansi waliusimamia kwa majina mengine: Franco au Dokta Nico? Nicolas Kasanda, aliyezaliwa mwaka mmoja na Buchanan, alikuwa na gitaa la maji, noti zake zikitiririka na kuning'inia hewani. Franco Luambo, mkubwa wake kwa mwaka mmoja, alilipiga kwa gumba na kidole cha shahada, nyuzi zikiwa na ukali wa shaba, akirudia kipande kimoja mpaka ukumbi mzima uwe umeingia ndani yake. African Jazz ya Nico huku, OK Jazz ya Franco kule. Kuna waliomwona Nico ndiye moyo na Franco ndiye nguvu, na kuna waliopindua. Tofauti yetu na vijiwe vya huku ni kwamba wimbo wenyewe ulikuwa umetuamulia jambo. Rumba yetu huanza kwa maelezo: mtu kafiwa, kaachwa, kasingiziwa, na mwimbaji anaeleza taratibu huku solo ikimjibu. Kisha linakuja chemko. Gitaa lile lile, mikono ile ile, linaacha kuitikia uchungu na kuanza kuwainua watu, na hakuna aliyekuwa akilia anayeona kwamba amedanganywa. Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyetutoka kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, alikuwa na uwezo wa kukusimulia dhiki kwa dakika tatu na kukuchezesha juu ya dhiki hiyo hiyo dakika tatu nyingine. Ndani ya wimbo mmoja alikuwemo Buchanan na alikuwemo Gatton. Huyo wa pili asingekuwa na maana bila wa kwanza kumtangulia, na wa kwanza angetuacha chini, hatuna wa kutunyanyua.

Lakini lipo moja ambalo Gatton alikuwa nalo na wapigaji wetu wengi hawakuwa nalo, na kila nikilifikiri roho inaniuma. Gitaa lilikuwa lake. Aliweza kulitoboa, kulikata, kulifunga vitufe, kulitia sumaku za Barden, na asiwepo wa kumuuliza. Katika Tanzania ya miaka ya sitini na sabini bendi nyingi zilikuwa za taasisi, kama NUTA Jazz iliyoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Mpiga solo aliyehama bendi alihama na vidole vyake. Gitaa lilibaki stoo. Nani angethubutu kuchimba tundu katika mali ya umma kwa sababu ya noti moja aliyoisikia ndotoni? Ndiyo maana ubunifu wetu umekaa kwenye vidole, kwenye namna magitaa matatu yanavyosukana, kwenye mpangilio, na umekaa kidogo sana kwenye mbao na waya. Yanayoandikwa kuhusu ubunifu wa gitaa huanza na vifaa: nani alivumbua kisanduku gani, nani alibadili sumaku ipi. Kwa kipimo hicho nusu ya dunia haionekani. Buchanan angetuelewa. Aliutafuta ukelele ndani ya ubao ule ule alioukuta.

Mcheza kwao hutunzwa, tulifundishwa hivyo. Wanaume hawa wawili walicheza kwao. Gatton hakuzipenda safari ndefu za muziki. Alitaka kupiga mahali ambapo baada ya kipindi cha mwisho angeendesha gari hadi Newburg, Maryland, kwenye nyumba na magari yake, na kijiji hicho alikiwekea bluzi yake katika 88 Elmira St. Buchanan alikwenda mbali zaidi, akapiga Carnegie Hall mwaka 1972, akarekodi, akachoshwa na matakwa ya kampuni, akakaa nje ya studio miaka kadhaa, kisha mwaka 1985 akarudi kupitia lebo ya Alligator ya Chicago iliyomwachia apige apendavyo. Na kila mara alirudi kwenye viunga hivi. Wote wawili walibandikwa neno moja: asiyejulikana. Hata jarida la Guitar Player lilipomweka Gatton jaladani mwaka 1989, lilimweka kwa sifa hiyo ya mkubwa asiyejulikana. Asiyejulikana na nani? Bladensburg walimjua Buchanan. Mafundi bati walimjua Gatton. Sisi tuliohama makwetu tuna ugonjwa wa kudhani kwamba kujulikana ni kujulikana mbali, kwa watu ambao hawatakuja msibani kwako. Nilipofika huku nilimpima kila mtu kwa umbali aliosafiri. Hawa wawili wamenifunza kumwangalia kwa makini mtu aliyebaki, aliyerudia njia ile ile kati ya nyumba na baa mpaka njia ikamtii. Lakini tuzo nazo zina uzito wake, na watoto hawali makofi. Elektra ilimwacha Gatton baada ya santuri ya mwaka 1993. Sidhani kama nina haki ya kuusifu ukimya waliolipia wao.

Katika barabara ya North Washington hapa Falls Church upo ukumbi wa State Theatre. Ulifunguliwa 1936 ukiwa sinema, na ulipogeuzwa ukumbi wa muziki wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Bendi za kopi hupiga sana humo, na mara nyingi nimekaa nikiwaza ni yupi kati ya hawa wawili anayekopika. Noti za Buchanan ni chache. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuziandika zote usiku mmoja. Za Gatton ni msitu. Ungedhani basi Buchanan ni rahisi. Anayemkopi Buchanan huzipata noti na kukosa subira, kwa maana Buchanan alijua kukaa kimya hadi msikilizaji aanze kuogopa kwamba hakuna kinachokuja. Anayemkopi Gatton huipata kasi na kukosa mzaha, na mzaha uliokwisha kusemwa jana hauchekeshi leo. Mpiga gitaa Gary Moore alipoupiga “The Messiah Will Come Again” mwaka 1989 hakujaribu kuwa Buchanan. Aliupiga kwa uchungu wake wa Belfast, kwa gitaa lenye sauti nene, na ndiyo sababu kazi ile inasimama. Kurithi hisia za mtu haiwezekani. Unarithi vyombo vyake, kisha unatafuta cha kwako cha kutia humo.

Tarehe 14 Agosti 1988 Buchanan, aliyekuwa amekamatwa kwa ulevi, alikutwa amekufa katika selo ya jela ya kaunti ya Fairfax. Alikuwa na miaka 48. Taarifa rasmi ilisema alijiua. Wako jamaa na marafiki ambao hawakuikubali. Tarehe 4 Oktoba 1994, Gatton, mwenye miaka 49, alijiua nyumbani kwake Newburg. Katikati ya miaka ya sitini, wote wangali vijana, waliwahi kuishi pamoja Nashville, wakipigiana magitaa. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kimya juu ya vifo vya namna hii kimewaumiza wengi, huku na kwetu. Ila nakataa jambo moja kwa nguvu zangu zote: nakataa kuyasoma mauti yao ndani ya nyuzi zao. Kwa Buchanan watu hufanya hivyo upesi, wakasema ukelele ule ulikuwa unatangaza. Ukelele ule ulikuwa umeundwa na mtu mzima, mwenye akili zake, aliyejua voliumu ifunguke lini. Ulikuwa ni ushindi wa usiku ule. Kwa Gatton hufanya kinyume, wakasema basi furaha ile ilikuwa barakoa. Kilio cha samaki machozi huenda na maji, na pengine kweli palikuwa na machozi ambayo hakuna kati ya waliocheka aliyeyaona. Hilo lingetufanya tuwe waangalifu zaidi kwa wachangamshaji tunaokaa nao, tuwaulize hali zao mara mbili. Lakini halifanyi furaha yake kuwa uongo. Mtu anaweza kuzama na bado alipokuwa juu ya maji alikuwa anaogelea kwelikweli. Furaha aliyoitoa aliitoa; waliorudi nayo nyumbani walirudi nayo.

Nina mpwa wangu aliyezaliwa huku, ana miaka kumi na mitano, anajifunza gitaa kwa video. Humchukua Gatton, humpunguza kasi hadi robo, humwangalia kidole kwa kidole. “Mjomba,” aliniuliza jioni moja, “yupi mkali zaidi, huyu au yule wa kulialia?” Shikamoo alikuwa ameshatoa, adabu ilikuwepo, ila swali lilikuwa la kijiweni. Kama ningelazimishwa ningejibu kwamba Buchanan ndiye ninayemhitaji na Gatton ndiye ninayemshukuru, na kwamba kadiri umri unavyokwenda shukrani inazidi kunikalia karibu. Ukiwa kijana unataka mtu wa kukuthibitishia kwamba maumivu yako ni makubwa. Baadaye unagundua maumivu ni mengi mno mtaani, hayana upungufu, na kwamba mtu anayeweza kuingia katika chumba cha watu waliochoka kwa kazi ya kutwa, akawaacha wamenyooka migongo, huyo ni adimu. Sikumjibu hivyo. Nilimweleza habari za Mbaraka, nikampigia mwanzo wa wimbo wake mmoja hadi lilipoingia chemko, nikamwona kichwa kinaanza kutikisika bila yeye kujua.

Kisha nikamwomba aweke video pembeni, achukue gitaa lake, la bei nafuu, la kiwanda cha mbali, lenye umbo lile lile la Fender. Nikamwonyesha mahali pa kuweka kidole kidogo. Voliumu imefungwa, fyatua, fungua. Mara ya kwanza mkwaruzo ulisikika. Mara ya pili alichelewa, noti ikawa imekwisha kufa. Tuliendelea hivyo mpaka mama yake akaita chakula na sisi hatukwenda. Alipoipata, ilitoka ndefu, imekonda, ikapanda na kukaa juu bila mahali ilipoanzia, kilio chenyewe hasa, na uso wa mtoto ukafunguka akacheka kwa sauti, akanitazama kuona kama nimesikia, akaifunga voliumu upesi ili aifanye tena.